Nani Anayeshukiwa? Uchambuzi wa Filamu ya "Death on the Nile"

Filamu za upelelezi ni miongoni mwa filamu zinazopendwa sana na vijana wetu, na ni miongoni mwa zile zinazochambuliwa kidogo kabisa. Makada wengi huziona kuwa ni burudani tupu ya mabwanyenye, isiyostahili kuingizwa katika darasa la siasa. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Kila hadithi ya mauaji hujibu, kwa namna yake, maswali matatu mazito: nani anayehesabiwa kuwa mtu, nani anayeshukiwa, na ukweli hupatikana kwa njia gani. Maswali hayo ni ya kisiasa, hata kama aliyeitunga hadithi hakukusudia siasa.

Madhumuni ya makala hii ni kuyatazama maswali hayo katika filamu moja mashuhuri, "Death on the Nile", yaani Kifo katika Mto Naili. Filamu hiyo iliongozwa na John Guillermin na kutolewa mwaka 1978. Imetokana na riwaya ya mwandishi wa Kiingereza, Agatha Christie, iliyochapishwa mwaka 1937. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mauaji yake yanatokea katika bara letu, juu ya mto ambao sehemu ya maji yake hutoka katika Ziwa Victoria. Pili, yanatokea ndani ya meli. Tunaandika makala hii tukiwa Ikolo, wilayani Kyela, katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na watu wa huku wanaijua meli kwa upande wa mchukuzi wa magunia kuliko upande wa abiria wa daraja la kwanza. Upande huo ndio tutakaoutumia kuitazama filamu hii.

Kisa chenyewe

Linnet Ridgeway ni msichana tajiri sana. Anamnyang'anya rafiki yake Jacqueline de Bellefort mchumba wake, Simon Doyle, kijana asiye na mali, naye mwenyewe anaolewa na Simon. Maarusi wanakwenda Misri kwa fungate, na kila waendako Jacqueline anawafuata. Hatimaye wote wanajikuta katika meli iitwayo Karnak, pamoja na abiria wengine na mpelelezi wa Kibelgiji, Hercule Poirot, anayeigizwa na Peter Ustinov.

Usiku mmoja Jacqueline, akiwa amelewa, anamfyatulia Simon bastola mbele ya watu. Simon anaanguka akiushika mguu. Jacqueline anaondolewa, anachomwa sindano ya kumtuliza na kulindwa na muuguzi mpaka asubuhi. Kulipokucha, Linnet anakutwa kitandani amekufa kwa risasi ya kichwa, na ukutani pana herufi "J" iliyoandikwa kwa damu. Mtu wa kwanza kushukiwa ni Jacqueline, lakini ndiye ambaye hakuweza kutenda. Baadaye Louise, mtumishi wa Linnet, anauawa kwa sababu alimwona muuaji na akataka kuuza ukimya wake. Kisha anauawa mwandishi Salome Otterbourne, akiwa karibu kulitaja jina.

Ukweli unaofichuliwa na Poirot ni huu. Risasi ya Jacqueline haikumpata Simon. Simon alijifanya ameumia, akatumia rangi nyekundu badala ya damu. Watu walipokuwa wakishughulika na Jacqueline, alikimbia akamwua mkewe, akarudi, na hapo ndipo alipojipiga mguu wake mwenyewe. Wapenzi wale wawili hawakuachana hata siku moja. Walipanga ndoa ile na mauaji yale ili Simon airithi mali ya Linnet. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fani: yale tuliyoyaona kwa macho

Katika fani, filamu hii ina mambo mawili yanayostahili kujifunzwa.

Jambo la kwanza ni hoja ya shali. Bastola ilitupwa mtoni ikiwa imefungwa katika shali, nayo shali ilikuwa na matundu ya risasi. Mtu wa haraka angesema kwamba shali ilitumiwa kuzima mlio wakati Linnet alipopigwa. Poirot anaitazama maiti: ngozi iliyozunguka jeraha imeungua. Kama shali ingewekwa kati, ngozi isingeungua namna ile. Kwa hiyo palikuwa na risasi nyingine, iliyopigwa mahali pengine, kwa kusudi jingine. Hapa hapana kipaji cha ajabu wala ndoto. Pana vitu viwili vinavyopingana, na mtu anayekataa kuendelea mbele mpaka vipatane.

Jambo la pili ni ufundi wa kamera yenyewe. Kabla ya jibu la mwisho, Poirot anamweleza karibu kila abiria jinsi ambavyo yeye angeweza kuua, na kila mara filamu inatuonyesha abiria huyo akinyemelea na kupiga risasi. Tunamwona daktari akiua. Tunamwona muuguzi akiua. Tunamwona wakili akiua. Picha zote ni safi, zote zinaaminika, na zote ni uongo isipokuwa moja. Hili ndilo fundisho kubwa la fani ya filamu hii: jambo linaweza kuonekana waziwazi mbele ya macho yetu na bado lisiwe limetokea. Kuwezekana si kuthibitika. Tutalirudia fundisho hili mbele, kwa sababu wako watu katika vijiji vyetu wanaoishi kwa kuwaonyesha wenzao picha.

Maudhui: mali ya marehemu

Tukiuliza kwa nini kila abiria angeweza kuua, tunapata jibu moja lenye sura nyingi. Wakili Pennington anaiba katika mali ya Linnet na anaogopa kugunduliwa. Mwanamke mmoja mzee anazitamani lulu zake. Jamaa ya muuguzi ilifilisiwa na baba yake Linnet. Daktari anaogopa kuharibiwa sifa ya hospitali yake, na kwa hiyo mapato yake. Louise amenyimwa fedha alizoahidiwa ili aolewe. Kijana Ferguson anamchukia Linnet kwa kuwa tajiri. Njia zote ndani ya meli ile zinaelekea kwenye sanduku moja la fedha.

Ni dhahiri basi kwamba filamu hii, bila kukusudia, imechora picha sahihi ya jamii ya kibepari: watu wanaokula meza moja, wakitabasamu, huku kila mmoja akiwa na sababu ya kumwua mwenzake. Lakini mwisho wake unalifunika jambo hilo. Wakosaji wawili wanapatikana, nao wanakufa. Jacqueline anampiga Simon risasi, kisha anajiua. Abiria wengine wanateremka na kwenda zao. Utajiri ulitoka wapi, na jamaa ngapi zaidi zilifilisiwa ili upatikane, hayo hayaulizwi. Mpelelezi aliyeuliza kila kitu kuhusu risasi hakuuliza chochote kuhusu mali.

Mtazame vilevile huyo Ferguson, anayejiita mwanamapinduzi. Katika riwaya inagunduliwa kwamba yeye ni lodi kwa kuzaliwa. Katika filamu anabaki kuwa kijana wa maneno makali, anayewatukana matajiri akiwa amekaa miongoni mwao. Mapinduzi yake yanaishia mezani. Kada anayesoma makala hii na acheke, lakini akisha kucheka ajiulize yeye mwenyewe ameteremka mara ngapi kwenda kwenye chumba cha injini.

Meli isiyo na mabaharia

Hapa ndipo tunapofikia hoja yetu kubwa. Meli ya Karnak haiendi kwa upepo. Wako watu wanaochochea moto, wanaoshika usukani, wanaopika, wanaofua mashuka, wanaopita katika ujia usiku wakibeba maji. Watu hao ni Wamisri na Wanubi. Hakuna hata mmoja wao anayewekwa katika orodha ya washukiwa. Asiye Mzungu aliyepewa maneno ya kutosha ni meneja wa meli, naye amechorwa kuwa kichekesho na kuigizwa na mwigizaji wa Kihindi, I. S. Johar. Wengine ni mikono, mavazi na kelele za ufukweni.

Msomaji anaweza kusema: je, kutoshukiwa si bahati? Hapana. Katika hadithi ya upelelezi kumshuku mtu ni kumpa heshima fulani. Ni kukubali kwamba ana historia yake, ana hasira zake na hesabu zake, na ana akili ya kutosha kuficha jambo. Mpelelezi anapowapita mabaharia bila kuwatupia jicho, hasemi kwamba ni wema. Anasema kwamba hawamo. Na asiyekuwamo hawezi kuwa muuaji, lakini pia hawezi kuwa shahidi. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi bandarini Itungi anajua kwamba ndani ya meli anayeona yote ni yule asiyetazamwa. Ukitaka kujua nani alitoka chumbani kwake usiku, muulize aliyekuwa akipiga deki.

Kasoro hii haikutokea kwa bahati mbaya. Uingereza iliivamia Misri mwaka 1882, na ingawa uhuru ulitangazwa mwaka 1922, majeshi ya Kiingereza yalikuwa bado nchini humo riwaya ilipochapishwa. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1935 na 1937, wakoloni waliendesha huku kwetu mpango wa filamu kwa ajili ya Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu zake zilihusu mambo kama ugonjwa wa safura na kuweka akiba posta. Hatuyabezi mafundisho ya afya. Tunachosema ni kwamba Mzungu alitungiwa fumbo ili anoe akili, na Mwafrika alitengenezewa agizo ili atii.

Waliotengeneza filamu mwaka 1978 walikuwa na nafasi ya kurekebisha. Walikwenda Misri yenyewe, wakapiga picha juu ya mto na mbele ya mahekalu. Lakini angalia hekalu la Abu Simbel. Kisa kinadaiwa kuwa cha miaka ya thelathini, hali hekalu linaloonekana limesimama mahali lilipohamishiwa kati ya 1964 na 1968, kiasi cha mita 65 juu ya mahali pake pa zamani, ili lisizamishwe na ziwa la Bwawa Kuu la Aswan. Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa pia katika 1963 na 1964. Filamu inalitumia hekalu na kuificha historia. Sifa ilizopata nazo zinatueleza kamera ilipenda nini: ilipewa tuzo ya Oscar kwa ajili ya mavazi. Filamu nyingine ya riwaya hiyohiyo, ya Kenneth Branagh, ilitolewa mwaka 2022, na humo Salome Otterbourne ni mwimbaji mweusi, akiigizwa na Sophie Okonedo. Mtu mweusi ameingia katika orodha ya washukiwa kwa kuwa yumo upande wa abiria. Wachapakazi wa meli wamebaki walipokuwa.

Ziwa letu nalo lina hadithi ya namna hii. Tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukoni huko Sphinxhaven, ambayo leo ni Liuli. Katika vitabu vya Kiingereza kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha manahodha wawili marafiki, Rhoades na Berndt, waliozoea kunywa pamoja, na mmoja hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Majina yao tunayajua. Wapagazi wa Kiafrika walioibeba Wissmann vipande vipande kuileta ziwani, na waliotia kuni katika matanuri ya meli zote mbili, hawamo katika kichekesho hicho. Ni Karnak ileile, katika maji mengine.

Upande wa pili wa shuku

Mpaka hapa tumeona jinsi mnyonge asivyoshukiwa kwa sababu hahesabiwi. Sasa hatuna budi kutazama nyumbani, ambako mambo yamegeuka: mnyonge ndiye anayeshukiwa wa kwanza, kwa sababu hana wa kumtetea. Tunazungumzia tuhuma za uchawi.

Watafiti Godfrey na Monica Wilson waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 walieleza jinsi kifo na maradhi yalivyotafutiwa mkosaji, na jinsi mtuhumiwa alivyoweza kunyweshwa mwafi ili mwili wake utoe ushahidi. Wakoloni waliitungia uchawi sheria mwaka 1928, lakini sheria haikuondoa ramli. Takwimu alizozichambua mtafiti wetu Simeon Mesaki ni za kutisha. Kati ya mwaka 1970 na 1984, Tanzania Bara, watu 3,693 waliuawa katika matukio yanayohusu tuhuma za uchawi. Wanaume walikuwa 1,407. Wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Mwanza na Shinyanga, lakini hakuna mkoa unaoweza kunawa mikono, kwa kuwa fikra yenyewe haina mpaka. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli wakati wa vita dhidi ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kama ilibidi kutangaza, maana yake kazi ilikuwa haijakwisha.

Mpiga ramli na mpelelezi wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wanaitwa baada ya kifo, na wote wanatakiwa kutaja jina. Wanatofautiana kwa mengine yote. Mpelelezi anaanza na vitu na kumalizia na jina. Mpiga ramli anaanza na jina, ambalo mara nyingi wateja wamemletea wenyewe katika manung'uniko yao, kisha anatafuta picha ya kulivika. Anamwambia mfiwa atazame katika maji au kioo, na mfiwa anaona alichokwisha kukiogopa. Kumbuka daktari, muuguzi na wakili tuliowaona "wakiua" katika filamu. Poirot anatuonyesha picha hizo na kuzivunja moja baada ya moja. Mpiga ramli anaonyesha moja tu, halafu anapokea malipo.

Zaidi ya hayo, tazama jina linaloangukia wapi. Mpelelezi wa Christie, pamoja na kasoro zake zote, anamshuku mume wa marehemu anayelia kitandani na mguu uliofungwa bendeji. Ramli ni nadra kumtaja mrithi wa shamba la kakao. Humtaja bibi mjane anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Kwa maneno mengine, shuku isiyoongozwa na ushahidi hufuata cheo. Ndani ya Karnak inawaruka walio chini, kijijini inawarukia. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kumpima mtu kwa nafasi yake katika jamii badala ya matendo yake. Ushahidi peke yake ndio usiojua cheo.

Mifano ya kwetu

Njia hii ya ushahidi haikuletwa na meli ya watalii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na jibu rahisi liko tayari: wahenga wamekasirika. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, analikataa jibu hilo na kutafuta mkono wa binadamu. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Katika Kikosi cha Kisasi cha 1979, Elvis Musiba aliuelekeza upelelezi kwa maadui wa ukombozi wa Afrika. Waandishi hawa walichukua fani ya kigeni wakaitia katika kazi ya kwetu, na hatua ya Abdulla ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu aliipeleka moja kwa moja mbele ya mzimu. Waongozaji wetu wa filamu wanaotafuta hadithi wasiipite riwaya hiyo.

Hitimisho

Kwa kifupi, tunaipokea njia ya filamu hii na tunaukataa mpaka wake. Filamu inatufundisha kuuliza, kupima neno kwa kitu, na kutoamini picha kwa kuwa ni safi. Inakosea inapoamini kwamba ukweli wote unakaa katika vyumba vya daraja la kwanza.

Tunapendekeza filamu hii ionyeshwe katika matawi na shuleni, na baada ya kuonyeshwa yajadiliwe maswali matatu. Nani hayumo katika orodha ya washukiwa, na kwa nini? Nani aliona na hakuulizwa? Kila picha ya mauaji tuliyoonyeshwa ilithibitishwa na kitu gani? Kisha kada ayahamishe maswali hayo kijijini kwake. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ibara hiyo haina mguu wa kutembea mpaka kwenye kilio cha usiku. Kada ndiye mguu wake. Wako watakaomwambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Awajibu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na aombe muda wa kuuliza.

Huku Ikolo mito ya Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka huleta mafuriko katika bonde letu, na upepo wa kusi huchafua ziwa kwa ghafla. Watoto hufa kwa malaria, na mitumbwi huzama. Siku mtumbwi usiporudi, yako mambo ya kuchunguza kabla ya jina la bibi yeyote kutajwa: ubao ulikuwa na umri gani, upepo uligeuka saa ngapi, walikuwa watu wangapi ndani, na nani aliwaona wakiondoka. Aliyewaona huenda ni mtoto achotaye maji, au mama aanikaye dagaa. Aulizwe, na jibu lake liandikwe.